Mafuta Namba Arobaini

Mwaka jana nilirudi Rumonge, ndugu yangu, baada ya miaka ambayo sipendi kuihesabu. Nilishuka karibu na soko, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kijana wa pikipiki akimimina mafuta kwenye moteri, maana huko injini tunaiita moteri. Alimimina kutoka kwenye chupa ya maji iliyokatwa, simu sikioni, bila hata kuangalia ni mafuta gani. Nikakaa kwenye benchi la muuza maandazi, naye akaniuliza, "Mama, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana, ni jua tu.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari. Garaji yake ilikuwa bati juu ya nguzo nne, nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka ziwani. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa mchangani. Ukitoka milimani ulileta harufu ya mawese yakichemshwa upande wa Kizuka. Baba mwenyewe alinuka mafuta ya moteri, yaliyomwingia kwenye ngozi hata sabuni haikuyaweza. Mama alimtengea taulo lake peke yake. Kazi yangu ilikuwa kutwanga mihogo mikavu na kufukuza kunguru kwenye ndagala, na hapo nilipokaa niliona kila gari lililoingia.

Gari ninalotaka kukusimulia liliingia mwaka wa uhuru, nikiwa na miaka mitano. Mzungu mmoja, bwana shamba wa michikichi, alikuwa anarudi kwao, na gari lake dogo la mbio, jekundu, lililokaa chini karibu na ardhi, lilikataa kuwaka. Akamwachia mwalimu wetu, ambaye wakati wa likizo alikuwa mkalimani wake. Mwalimu alilileta kwa baba likisukumwa na darasa zima, watoto wakiimba. Baba akafungua mbele, akakuta nafasi ya mizigo. Akafungua nyuma, akaiona moteri, akaanza kutafuta rejeta. Alizunguka mara mbili, akapiga magoti, akachungulia chini. Hakuna. Gari lile halikutumia maji kabisa. Lilipozwa na upepo na mafuta yake.

"Mwalimu," baba akasema huku akijifuta mikono, "hii gari haina maji. Mafuta ndiyo damu yake, mafuta ndiyo maji yake. Tukikosea mafuta tumeiua."

Ilimchukua karibu mwaka kujua linataka nini. Alianza na namba thelathini, mafuta mepesi. Gari likapanda mlima mmoja tu likarudi linanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Akajaribu hamsini, asubuhi moteri ikawa nzito, haigeuki. Mwisho akatulia kwenye arobaini, yaliyokuja kwa makopo kutoka Bujumbura. Kila alipofungua kopo alichovya kijiti, akaacha tone lidondoke, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa akiwa amefumba macho. Mwalimu alisimama pembeni mikono nyuma, kama mwanafunzi. Na darasani alituambia, "Someni kama fundi anavyosoma mafuta."

Siku za Jumapili mwalimu alitupakia watoto wanne pale penye nafasi ya mmoja, tukaenda Minago kula samaki mukeke wa kuchoma na mihogo ya kukaanga. Miaka kumi gari lile halikuzimika barabarani hata mara moja. Baba hakujisifu kwa jambo jingine lolote maishani mwake, ila hilo.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili.

Mwisho wa mwezi wa nne baba alikuwa amemwaga mafuta machafu ya gari lile, akisubiri kopo jipya. Mke wa mwalimu alikuwa na mimba kubwa, ameenda kujifungulia kwa mama yake, Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndipo wakaja waasi wenye mapanga, wakaua watu wa kabila la watawala. Sisi tulilala chini ya vitanda. Baada ya siku chache wakaja askari wa serikali kulipiza, nao wakaua, na hawakuacha. Walianza kutafuta wenye kusoma wa kabila la mwalimu: makarani, wauguzi, wanafunzi wakubwa. Mitumbwi ilikatazwa kutoka.

Asubuhi moja mwalimu aliingia kwetu. Hakuwa na tai. Sikuwahi kumwona bila tai.

"Amahoro, fundi. Mwenzangu wa Kizuka wamemuchukua jana. Nataka kufika Kabonga leo. Wanasema njia ya kusini iko wazi bado."

"Gari haina mafuta," baba akasema.

"Esansi ninayo," akasema, akimwonyesha dumu la petroli.

"Si esansi. Mafuta ya moteri. Nilimwaga yote."

Mwalimu akatazama rafu. "Na ile kopo?"

"Ile ni thelathini, ya pampu za kiwanda cha mawese. Nusu kopo. Na jua hili! Itakuunguzia moteri porini, utabaki kwa miguu katikati ya askari."

"Tia hiyo hiyo. Changanya hata na mawese, fundi."

Baba aliudhika. Nililiona usoni mwake, na ndilo ninaloliona mpaka leo. "Mawese ni ya kupikia sombe, mwalimu. Nipe siku moja. Mwenye duka amejificha, lakini najua alipo, na najua ana kopo la arobaini. Kesho asubuhi utatoka hapa na gari la kukufikisha."

Mwalimu aliangalia barabara, akaniangalia mimi na mchi wangu. Kisha akasema polepole, "Miaka yote nawaambia watoto wamusikilize mwenye kujua." Akamshika baba mkono, akaondoka. Mama alimfuata mpaka uani akamwomba alale kwetu. Alikataa. Hakutaka watukute naye.

Baba alilipata kopo. Kesho yake kabla jua halijawa kali alilifungua, akachovya kijiti, akanusa, akamimina bila kumwaga hata tone. Akanituma nikamwite mwalimu.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Kitandani shati lilikuwa limekunjwa vizuri, na mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichojaa, kimeshikwa na utando. Jirani yake mwanamke alinivuta kwenye ua wake, akaniziba mdomo kabla sijauliza. "Wamemuchukua alfajiri. Rudi kwenu. Usilie njiani, mutoto wangu, usilie njiani."

Sikulia. Nilipofika nyumbani gari lilikuwa linanguruma. Baba alikuwa ameinama nyuma yake, mkono juu ya bati, akisikiliza. Uso wake ulikuwa na furaha. "Sikia," aliniambia, "sikia ilivyo laini." Nikamwambia. Hakuzima. Alisimama vile vile, moteri ikiendelea kuzunguka vizuri mno, mpaka mama alipokuja akageuza ufunguo yeye mwenyewe.

Gari lilichukuliwa wiki ile ile na wanaume wenye bunduki. Mwalimu hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa alipowekwa. Sisi tulivuka ziwa tulipopata nafasi, tukakaa Ujiji. Huko baba alitengeneza baiskeli. Watu walimletea magari, akawaambia hajui magari. Alipokuwa anakufa aliniita nisogee.

"Ile thelathini," alisema, "ingemfikisha. Kwa safari moja tu ingemfikisha. Moteri ingekufa. Yeye angefika. Mimi nilikuwa naokoa moteri."

Nilimvutia shuka mpaka mabegani. Alikufa usiku ule.

Ukienda Rumonge leo, pale penye garaji pana nyumba ya matofali, na wenyewe ni watu wema, walinipa maji. Shule ina rangi mpya. Niliwauliza walimu vijana watatu kuhusu mwalimu wetu, wakatazamana. Hakuna aliyewahi kulisikia jina lake.

Mke wake nilikutana naye miaka ya nyuma, Kigoma, akiwa na yule mtoto aliyezaliwa Kabonga wakati baba yake anasubiri kopo. Alikuwa amezeeka kabla ya wakati. Alinishika mikono yote miwili. "Niambie kweli. Siku ile, angetiliwa mafuta yaliyokuwepo, gari lingefika?"

Nikasema, "Hapana, mama. Lingeungua njiani."

Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika miaka yote ile. "Basi baba yako alifanya alivyoweza. Mungu amulipe."

Naye amekwisha kufa. Yule mtoto sasa ni mtu mzima mwenye mvi, na kila Krismasi ananipigia simu kumshukuru baba yangu kupitia kwangu. Kila mara najiapiza kwamba safari hii nitamwambia. Na kila mara nikisikia sauti yake, ambayo ni ile ile ya baba yake darasani, namuuliza kama watoto hawajambo, na kama kule kwao mvua imenyesha.