Salamu Kutoka Dukani kwa Shemeji

Kwangu mimi, kutoka nyumbani Kibondo kwenda Kasulu ni safari ya kuaga watu. Mama alikuwa akinicheka: "Kuku anayeatamia anatembea kuliko wewe." Lakini mwaka ule wa 2014 nilipanda basi mpaka makondakta wakanizoea, na mchawi wangu alikuwa programu yangu mwenyewe. Niliiandika kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, kwa elimu ya kidato cha nne na kiburi cha chuo kikuu, ikakaa kwenye kompyuta huko Kasulu, dukani kwa shemeji, mume wa dada yangu. Mteja akituma meseji "maharage", inamjibu bei. Akituma neno isilolijua, inakufa. Ikifa, shemeji ananipigia.

"Shemeji, marehemu wako tena."

Mwisho akaapa: "Wallahi ikifa tena unahamia huku. Utalala juu ya magunia."

Basi nikaiwekea msimamizi, programu ya pili ambayo kazi yake ni kuichunga ya kwanza: ikianguka tu, anaiinua. Nikaiua kwa makusudi. Ikafufuka kabla sijaondoa kidole. Nilicheza pale dukani bila ngoma! Kwa furaha nikaongeza na adabu: kila ikiamka, iwasalimie kwanza wateja wote kwa meseji, "Mwakeye," kama sisi Waha asubuhi. Utamtajiaje mtu bei hujamsalimu?

Nikarudi Kibondo, nikavua viatu kwa nia ya kutovivaa tena.

Asubuhi yake, simu.

"Imekufa?" nikauliza.

"Ingekufa ningeshukuru! Inasalimia!"

Nikaelewa, nikakaa chini. Shemeji alipowasha kompyuta, programu iliamka, ikasalimia. Sasa Muha gani anaachia salamu ipite? Mama mmoja wa Busunzu akaitikia, kama alivyolelewa. Salamu si bidhaa, haina bei, programu ikafa. Msimamizi, mchapakazi yule, akaiinua. Ikasalimia wote upya. Wakaitikia wote upya.

"Kuna bibi kasalimiwa mpaka kaja hapa kuuliza nani kafariki," shemeji alisema, na nyuma yake nikamsikia dada akicheka hadi kukohoa. "Njoo uinyamazishe. Na uje na blanketi."

Nikavaa viatu. Mama, naye mteja wetu, alikuwa mlangoni ameinamia simu yake.

"Usiondoke kwanza, mwanangu," akasema. "Ngoja nimalize kuitikia."