Kasha Dogo la Pembeni mwa Kitanda

Mutinda alikuwa mbishi wa kimya, na hao ndio wabishi wanaochosha. Ukimshauri jambo ataitikia kwa kichwa, atashukuru, kisha atakwenda kufanya lake. Ndivyo alivyomsumbua Muchiri, muuzaji wa kompyuta kuukuu pale Kawangware, kwa ajili ya kasha la kutilia mashine yake.

Vipande vya mashine hiyo alivikusanya polepole. Mchana kutwa alikuwa akipanga kadi za harusi na programu za mazishi katika duka la uchapaji hapo hapo Kawangware, kwa kompyuta ya tajiri wake. Alitaka yake mwenyewe, ya kufanyia kazi Kisumu Ndogo, Kibera, alikoishi chumba kimoja na mkewe Kalondu. Bodi alishapata, na diski, na kioo. Kilichobaki ni kasha.

Muchiri alimtolea kubwa la kusimama, lenye feni tatu na nafasi ya kuongeza chochote baadaye. Mutinda akalisifu, akachomoa kamba mfukoni, akalipima, akalirudisha. Akaletewa jembamba la kulazwa. Kamba ikatoka tena. Alikwenda na kurudi hivyo hadi Muchiri akaanza kumkwepa, na mwisho akaangukia kijisanduku cha kubeba kwapani kama mkate. Muchiri alimwonya kwamba hicho kina feni moja tu, na nyumba ya mabati ikishika joto la mchana mashine itakuwa inazimika yenyewe. Mutinda akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akakinunua.

Kalondu, tumbo likiwa mbele, alicheka hadi akakaa chini. Alisema hata kwa mashine mumewe amechagua kifupi, kama alivyomchagua yeye. Alishangaa zaidi Mutinda alipochukua msumeno akaikata meza karibu nusu na kuisukuma hadi ukutani. Pembeni mwa kitanda pakabaki wazi, na Kalondu, mwanamke wa busara, akapanga hapo ndoo zake za maji. Kila jioni Mutinda alizihamisha bila kueleza. Kila asubuhi zikarudi.

Angeelezaje? Mamake alikuwa amewapigia simu kutoka Kitui mara tu aliposikia habari za mimba, akawaambia kwamba mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia. Si soksi, si shuka, si kitanda. Alikuwa ameona yaliyowapata walioharakisha, na hakutaka kuyasimulia. Kalondu alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Jirani yao Nyawira alipomletea kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, aliikataa kwa upole, akamwambia amwekee hadi siku ikifika.

Mutinda naye alilishika, ila kwa namna yake. Njia ya kwenda kazini ilipita kwa maseremala waliopanga vitanda vya watoto kando ya barabara. Siku moja alisimama, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akanyoosha kamba juu ya kimoja na kuifunga fundo. Hakuuliza bei. Kitanda hakingeweza kununuliwa, lakini mahali pake je? Hilo mama hakulikataza. Basi kamba ile ndiyo iliyochagua kasha la kutosha juu ya meza fupi, na ndiyo iliyokata meza, ili pembeni mwa kitanda ibaki nafasi ya kingine.

Siku zilipotimia mtoto akazaliwa, wa kiume, na hakulia.

Kalondu alirudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto alizikwa na hospitali, kwa ridhaa yao, na shuka alilofungwa lilikuwa la huko huko. Mutinda, aliyekuwa amepanga picha za marehemu wa watu wengi, hakuwa na picha ya wake wala jina la kuandika. Aliumia sana, na juu ya uchungu palikuwa na hofu. Aliitupa ile kamba mtaroni, lakini kuitupa hakukumsaidia. Moyoni alijua ni yeye aliyetayarisha kabla ya wakati.

Nyumba ikapoa. Ndoo zilikaa pembeni mwa kitanda na hakuna aliyezigusa. Kalondu aliongea ya chumvi na ya mafuta ya taa tu. Siku moja Mutinda akiwa mlangoni alimsikia akimwambia Nyawira kwamba kinachomuua ni kukosa hata kitambaa cha kushika. Ile kofia Nyawira alishampa mtoto wa dadake, na Kalondu asingeweza kumlaumu.

Kompyuta nayo ikawa inazimika kila mchana, kama ilivyotabiriwa. Jumapili moja baada ya kanisa Muchiri akaja na lile kasha kubwa la feni tatu, kwa wema wake tu.

"Buda, hii kadogo itakuchomea bodi," alisema. "Tubadilishane. Toa tu hizi ndoo, hapa si kuna space ya kutosha."

Hakujua alichosema. Kalondu, aliyekuwa akichambua sukuma, aliacha.

"Kwani hii ndogo uliichukulia nini, Mutinda?"

Angeweza kusema ilikuwa rahisi, na mambo yangeishia hapo. Akapiga moyo konde.

"Nilipima kitanda cha mtoto," alisema. "Kule kwa maseremala. Sikununua, nilipima tu, ndiyo nijue kitatoshea. Nilikuwa namwekea mahali. Nisamehe. Mama alikuwa ametukanya."

Alingoja alaumiwe, na kwa kweli alitaka alaumiwe. Kalondu aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso yake, akalizunguka lile kasha kubwa na kwenda mezani. Akaweka kiganja juu ya kijisanduku, ambacho bado kilikuwa na joto. Machozi yakamtoka, na hakuyazuia.

"Kumbe alinunuliwa kitu," alisema. "Na mimi nilidhani hakuna."

Muchiri alilibeba kasha lake, akaaga kwa sauti ya chini, akasema ataleta feni ya kuongezea nyuma. Alipoondoka, Kalondu alizishika zile ndoo, moja baada ya nyingine, akazipeleka mlangoni. Pembeni mwa kitanda akafagia, akapaacha wazi.