Kodi ya Kaburi la Hamadi

Nilitoka Pemba kwa hasira, na sioni haya kulisema. Mariamu, binti wa marehemu kaka yangu Hamadi, alinipigia simu kutoka Ufaransa akaniambia, kwa sauti ile ile mtu anayosemea kuwa mchele umekwisha, kwamba muda wa kaburi la babake umekwisha. Kumbe kijiji kilitoa ardhi ile kwa muda tu. Asipotokea mtu kuilipia tena, mifupa itafukuliwa na kutiwa shimo moja na ya wengine. Alitaka kujua sisi wa Pemba tunasemaje.

"Huku ndivyo wafanyavyo kwa wote, shangazi," alisema.

Nikamkatia simu. Nimesomesha jiografia mpaka nikastaafu, na sikupata kusikia nchi ambayo maiti ni mpangaji.

Kengeja, kijijini kwetu, nilikwenda kumuaga Ami Faki, mdogo wake baba na ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Alisimama barazani akajipiga kifua.

"Wano watu hawana haya! Kuno kwetu kaburi halikodishwi. Nenda mwanangu, kawambie babenu kalala hapa mavani tangu nyie wadogo, na hajadaiwa na mtu."

Baba alikufa nikiwa mdogo. Kwetu wanawake hatufuati jeneza, kwa hiyo kaburi lake sikupata kuoneshwa. Hamadi ndiye aliyekuwa akienda kulipalilia kabla hajawa baharia. Lakini maneno ya ami yalinitosha, nikayatia kibindoni.

Bandarini Mkoani nilipanda boti ya Unguja, Unguja nikapanda ndege, na njia nzima nilikuwa nikipanga matusi. Ubalozini walikuwa wameniuliza nakwenda kufanya nini. Nilijibu kutembelea jamaa. Sikusema kwamba jamaa mwenyewe yuko chini ya ardhi na anataka kutolewa.

Kutoka uwanja wa ndege Mariamu aliniendesha nusu ya siku. Miji ikaisha, mabonde yakaanza, na barabara ikawa inajipinda juu ya mto mwembamba wenye mawe meupe. Kijiji alikohamia Hamadi alipoacha bahari kinaitwa Valsenac. Kimebandikwa ubavuni mwa kilima, nyumba zote za mawe, na nusu yazo zimefungwa madirisha. Nikauliza watu wako wapi.

"Wameondoka," Mariamu akajibu. Kiswahili chake alifunzwa na babake: kimekatika kidogo, lakini lafudhi ni ya Kengeja tupu.

Asubuhi alinitembeza. Zamani, alinieleza, watu wa pale walifuga viwavi wa hariri, na kila konde lilipandwa miforosadi ya kuwalisha. Hariri ikaanguka bei, vijana wakashuka mijini. Kabla ya hapo na baada ya hapo waliishi kwa tunda la msituni lenye ganda la miiba. Likichomwa, ladha yake haiko mbali na shelisheli. Wakati wa njaa ndilo lilikuwa ugali wao. Skuli imefungwa. Mbele ya ofisi ya kijiji pana jiwe lenye majina ya waliokufa vitani, majina mengi kuliko watu niliowaona hai. Karafuu na muhogo navijua, kwa hiyo historia hiyo sikuhitaji kufafanuliwa mara mbili. Lakini sikuja kuwahurumia.

Meya alitukuta mavani, nje ya ukuta wa kanisa. Ni mfugaji wa mbuzi, na harufu yao ilimtangulia. Alitupitisha katikati ya safu za makaburi, kila moja akamtaja mwenyewe wake: huyu alikuwa mhunzi, huyu mwalimu, huyu alimnyima bibi yangu maji. Safu zote zimenyooka. Kwenye kona ya mwisho kaburi moja limelala upandeupande, limevunja mstari. Nikajua kabla sijaambiwa.

"Anasema alilichimba mwenyewe," Mariamu akatafsiri. "Baba aliwaomba wamuelekeze kibla. Yeye akaenda nyumbani kuchukua dira yake ya kuwindia."

Nilitazama ukingo wa kaburi, nikatazama jua. Kibla kilikuwa sawa. Hasira zikazidi badala ya kupungua.

"Muulize," nilisema, "mtu aliyemlaza ndugu yangu kwa dira atamfukua vipi kwa sheria?"

Meya alivua kofia yake.

"Anasema mava ni madogo na mlima hautanuki. Babu yake mwenyewe yumo shimoni. Anasema pia notisi imekaa hapa muda wote huu, na kila siku alikuwa akingoja aje mtu."

"Mwambie kwetu kaburi halikodishwi! Mwambie baba yake Hamadi yupo palepale alipolazwa, na hajadaiwa na mtu!"

Mariamu akatafsiri. Meya akainamisha kichwa kwa heshima, akasema kitu kifupi.

"Anasema nyinyi mna bahati."

Nililipa. Ahsante sikusema. Kabla ya kuondoka niliokota jiwe dogo lililokuwa kichwani pa Hamadi, nikanuia kuliweka kwa baba, ili mtoto na mzazi wawe karibu japo kwa jiwe.

Kengeja nilirudi siku ya Ijumaa. Ami Faki alinipokea kwa bashasha, mkewe akaniletea muhogo wa nazi na samaki wa kuchoma. Muhogo ulikuwa laini, unamung'unyika wenyewe. Nilikula huku nikisimulia, na ami akicheka kwa ushindi.

"Si nilikwambia? Hawana haya!"

Nilipomaliza nikanawa, nikatoa jiwe. "Ami, nioneshe kaburi la baba."

Alitafuta viatu vyake. Kisha akachukua bakora, tukashuka nyuma ya nyumba. Nilitafuta mava kwa macho, sikuyaona. Palikuwa na matuta ya muhogo, yamesimama vizuri, mpaka kwenye mnazi wa mpakani.

"Ni hapa hapa," akasema, akiizungusha bakora hewani. "Au pale. Ardhi imekuwa haba, mwanangu, na wale ni wa zamani…"

"Muhogo niliokula umetoka wapi, ami?"

Akawa anachora chini kwa bakora.

Kule walibandika notisi wakangoja mtu aje. Hapa hatukuandikiwa hata neno, na mie nilivuka bahari kwenda kuwatukana wenye dira. Nilishika shina la kwanza nikaling'oa, nikashika la pili.

"Weye, muhogo haujakomaa huo!" ami akapiga kelele.

Niling'oa mpaka viganja vikachubuka. Jiwe bado limo mkobani mwangu. Sijui kichwa cha baba kiko wapi.