Mti wa Mama Wacera Waenda Ulaya

Sauti ninayoikumbuka vizuri mpaka leo ni ya avokado kuanguka juu ya mabati ya jikoni kwetu Mugutha. Kwanza du! kama mtu amegonga mlango kwa ngumi moja, halafu linabingirika polepole mpaka kwenye mfereji wa maji, halafu kimya. Cucu, yaani nyanya yangu ninayeishi naye, hashtuki. Anasema tu, "Hilo ni la Mama Wacera," na mmoja wetu anatoka, analiokota na kulipeleka ng'ambo ya ua.

Mti wenyewe uko kwa shamba letu, nyuma ya jiko, umekaribia ukuta mpaka matawi yamelalia paa. Lakini si wetu. Jirani yetu Mama Wacera alipofiwa na mumewe, shemeji zake waliuza ardhi hadi akabaki na mahali nyumba imesimama tu. Cucu akamwita mbele ya kina mama wa chama chao, akamwambia, "Ule mti wa nyuma ya jiko ni wako." Basi. Tangu siku hiyo Mama Wacera anauvuna mwenyewe na kuuza soko la Ruiru, sisi tunavuna mingine na kupeleka kwa wanunuzi wa Thika ambao wanasafirisha Ulaya. Hakuna mtu Mugutha anayeuliza swali juu ya hilo.

Ila kompyuta iliuliza.

Ujumbe kutoka kwa wale wanunuzi wa Thika uliingia kwa simu ya cucu jioni moja akichambua mboga. Nilimsomea. Ulisema shamba lake limewekewa alama ya manjano, kwa sababu matunda anayoleta ni machache ukilinganisha na idadi ya miti inayoonekana, na huenda mengine yanauzwa kando. Isiporekebishwa kabla ya mzigo ujao, matunda yake hayatapokelewa.

"Nani anaona miti yangu?" cucu akauliza.

"Setilaiti, cucu. Iko huko juu."

Akaangalia juu, kweli, kama mtu anayetafuta mvua. Kisha akaniangalia mimi. "Yaani nimeitwa mwizi wa miti yangu mwenyewe?"

Kama tungefungiwa, angerudi kwa yule broka anayekuja na gunia lake, anachagua mazuri na kuyaita mabaya. Lakini nilivyomwona, hilo halikumuuma kama lile neno "kando". Magoti yake hayamruhusu kusafiri, kwa hivyo nikasema nitaenda mimi. Nimemaliza kidato cha nne, nasuka nywele kule sokoni Kimbo, na ndoto yangu kubwa ni kuona Ulaya kabla sijazeeka. Nikajiambia, hii ndiyo safari yangu ya Ulaya, hata kama inaishia Thika.

Asubuhi ya kuondoka, lori la ghala la Thika lilikuja kuchukua kreti, na dereva Njoro akakubali kunibeba mbele. Cucu alikuja mpaka mlangoni mwa lori na fimbo yake. "Waambie ule mti ni wa nani. Na usikubali kitu hujaelewa."

Hilo la pili ndilo lilinitia wasiwasi, maana sikuwa naelewa chochote.

Tulipofika Kimbo, Njoro akapunguza mwendo. "Kwa hivyo wewe ndiye mjukuu wa yule cucu anayesumbua Wazungu?"

"Cucu hasumbui mtu."

"Ananisumbua mimi! Nikipakia kreti ananiangalia mpaka nazihesabu mara tatu."

"Njoro, hii data ya shamba letu inaenda wapi?"

"Mimi nabeba matunda," akasema. "Data haijawahi kupanda lori langu."

Baada ya Juja, barabara ikanyooka, na nikaanza kupanga hotuba yangu kichwani. Nitasalimia. Nitasema mti ni wa Mama Wacera. Watasema, ooh, pole, tumeelewa. Nitarudi nyumbani na chai haijapoa. Hotuba ilikuwa fupi na tamu, na nilikuwa nimeirudia hadi mtu wa Ulaya kwa ndoto yangu alikuwa tayari ananikaribisha kwao Krismasi.

Thika, eneo la viwanda, ghala la matunda. Mwenye kulisimamia ni Madam Simran, binti wa familia ya Kalasinga ambayo zamani ilikuwa inauza mbao hapo hapo. Ana bangili ya chuma mkononi na anaongea Kikuyu kunishinda.

"Wĩ mwega, Wambui? Mbona mwembamba hivi, cucu hakupi avokado?" Akaniketisha ofisini, akaniletea chai yenye tangawizi nyingi mpaka macho yakanitoka machozi, halafu akageuza kompyuta nione.

Ramani ya shamba letu ilikuwa hapo. Ngai! Niliona mabati ya jikoni. Niliona njia ya kuelekea chooni. Mpaka wetu ulikuwa umechorwa laini ya kijani, vile kijana wa ghala alivyotembea na simu msimu uliopita, na ndani kila mti una kidoadoa. Juu ya paa la jikoni, kidoadoa kimoja cha manjano.

"Huu ndio wanautafuta matunda yake," akasema Madam.

"Hao ni kina nani?"

Akashusha pumzi. "Hapo sasa. Ulaya wana kitu wanaita nafasi za data, yaani mahali watu wa kazi moja wanaazimana habari zao. Kuna ya kilimo, kuna ya usafirishaji, kuna ya afya, kila moja na sheria zake. Zamani kila moja ilikuwa peke yake. Sasa wanaziunganisha, ili zote zitumie akili bandia za pamoja na kompyuta kubwa za pamoja, na kuna soko moja ambapo unachukua huduma unayotaka. Mnunuzi wetu aliingia kwa hilo soko, akachukua akili bandia ya kukadiria mavuno. Sisi tukaunganishwa naye. Umeelewa?"

"Ndiyo," nikasema, halafu nikakumbuka cucu. "Hapana."

Madam akacheka. Akafikiri. "Mnasaga mahindi wapi?"

"Posho mili ya Kimbo."

"Mahindi ni ya nani?"

"Yetu."

"Mashine?"

"Ya mwenye mashine."

"Na unga?"

"Wetu."

"Basi. Data ni mahindi. Inabaki ya mwenyewe. Mashine ndiyo ya wote."

Hapo nikaona mwanga kidogo. Lakini mwanga wenyewe ukaleta swali lingine: kama unga ni wetu, mbona umerudi ukatutukana?

Saa ya simu ya video na mnunuzi, ambayo Madam alikuwa amepanga, ilipofika, alitokea mwanamke anaitwa Anneke, wa kampuni ya mnunuzi huko Uholanzi. Nyuma yake dirisha lilikuwa na mvua. Nilimpungia mkono kwa furaha kabisa, akanipungia, na hapo ndipo furaha iliishia. Madam alikuwa anatafsiri. Nikatoa hotuba yangu. Anneke akasikiliza vizuri, akasema alama ya manjano haikuwekwa na wao, iliwekwa na akili bandia. Nikauliza tuongee na mwenye hiyo akili bandia. Akasema ilitengenezwa na watu wa nchi nyingine, tena yenyewe inafanya kazi kwa kompyuta kubwa ya pamoja, ambayo haijui hata avokado ni nini. Na waliotengeneza, yeye alishawauliza, wakasema wao wanategemea data kutoka Thika. Madam akasema Thika inapata data kutoka Mugutha. Wote wakaniangalia.

Nilizunguka dunia nzima nikajipata jikoni kwetu. Kila mtu kwenye ule mzunguko alikuwa mpole, na hakuna aliyekuwa mwenye kosa. Kichwa kiliniuma. Nilitaka mtu mmoja tu, hata mbaya, wa kugombana naye.

"Anauliza," Madam akasema, "mti uko kwa shamba la nani?"

"Letu."

"Anasema basi ni wenu."

"Mwambie hapana. Ni wa Mama Wacera."

"Anauliza kama Mama Wacera amekodi hapo."

"Hajakodi. Alipewa."

"Alipewa ardhi?"

"Alipewa mti."

Madam akatafsiri, na nikamwona Anneke akifikiri kweli kweli, akikuna paji la uso. "Anasema huko walikofundisha hiyo akili bandia, miti inafuata shamba. Haijui mti unaweza kuwa wa mtu bila ardhi." Madam akaziba maikrofoni kwa mkono na kuniinamia. "Sikiliza, Wambui. Njia rahisi iko. Tunaandika mti ulikatwa. Alama inatoka leo leo, cucu anapokelewa, mambo yanaisha. Ni kitufe tu."

Kitufe chenyewe nilikiona. *Mti haupo tena.* Mzigo ulikuwa karibu, na nilikuwa nimechoka kutoelewa. Kidole changu, nakwambia ukweli, kilikuwa kinawasha.

Lakini nikasikia du! kichwani mwangu. Nikamwona Mama Wacera akipokea avokado kwa mikono miwili kama vile anavyopokea kila siku, ingawa ni lake. Kuandika kwamba kitu pekee alichobaki nacho kimekatwa, hata kama ni kwa kompyuta ya mbali ambayo hatawahi kuiona! Na mimi ndiye nimebonyeza!

"Haujakatwa," nikasema. "Una matunda saa hii."

Madam akatoa mkono kwenye maikrofoni na kuongea na Anneke kwa muda mrefu bila kunitafsiria. Mwishowe akanigeukia akitabasamu.

"Kumbe sisi wote tunaazima tu. Data ya kwanza iko kwa akaunti ya cucu, na ni yeye tu anaweza kubadilisha mpaka. Akibadilisha, kwetu inabadilika, kwa Anneke inabadilika, na ile akili bandia inasoma upya. Sasa, shamba linaweza kuwa ndani ya shamba lingine, bora liwe na mpaka wake na mwenyewe akubali. Mtembee kuuzunguka mti, mfuate mpaka matawi yanapoishia. Uwe shamba la Mama Wacera, matunda yake yasihesabiwe tena kwa cucu."

"Shamba la mti mmoja?"

"Shamba la mti mmoja. Anneke hajui kama mashine itakubali. Anasema hajawahi kuona. Lakini anataka mjaribu, na atangoja mpaka jibu litoke ndio afunge mzigo."

Kurudi, lori lilikuwa na kreti tupu zikigongana nyuma kama watoto wa shule. Njoro akauliza kama nimefika Ulaya. Nikamwambia nimefika mpaka dirishani.

Jioni Mugutha, tulikaa jikoni sisi watatu, mimi, cucu na Mama Wacera, na nikaeleza habari ya posho mili vizuri nilivyoweza. Cucu alielewa haraka kunishinda. Akampa Mama Wacera simu aishike, kama vile anampa mtoto ampakate.

"Jina langu litaonekana huko?" Mama Wacera akauliza.

"Ukikubali tu."

"Na hao Wazungu hawatakuja kuvuna?"

"Wakuje!" cucu akasema. "Watapanda na hayo magoti yao baridi?"

Wakacheka mpaka Mama Wacera akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Sijawahi kuitwa mwenye shamba tangu mzee aondoke. Zunguka, Wambui. Nimekubali." Cucu naye akabonyeza mahali pake. Halafu wakatoka pamoja, cucu akimsindikiza, wakisimama kila hatua mbili kuongea.

Mpaka sasa sijui zile kompyuta zinaunganishwa vipi, na ukiniuliza nafasi ya data inaanzia wapi nitababaika. Nilichojifunza Thika ni kwamba mashine ya wote haijui kitu ambacho hakuna mtu ameiambia, na sisi Mugutha hatukuwa tumesema, kwa sababu nani husema jambo ambalo kila mtu analijua?

Nikabaki peke yangu na simu. Nikaanzia upande wa ndizi, nikapita nyuma ya shina, hatua ndogo ndogo, laini ya kijani ikinifuata. Nikafika kwenye ukuta. Matawi yalikuwa yamepita juu ya paa, na mpaka unatakiwa ufuate matawi. Hakukuwa na njia nyingine. Nikavua viatu, nikafungua mlango, nikapita katikati ya jiko la cucu, nikisogeza kigoda, nikizunguka sufuria, nikimkatia Mama Wacera kona yote ya moto iwe yake, kisha nikatokea mlango wa pili na kufunga laini pale nilipoanzia.