Namba Ambayo Alois Hakuiandika

Alois Mkude alikuwa na miaka arobaini na mitatu pale mashine ya kiwandani ilipombana mkono wa kushoto, na vidole vitatu vikaacha kukunjika. Mwaka huohuo kiwanda kiliuzwa, na wenye mikono mibovu wakawa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Alirejea mlimani kulima karoti. Karoti zilimkubali, ngoma ndiyo iliyomkataa. Kwa miaka ishirini, akipanda mlimani kila Jumapili, alikuwa mpiga ngoma wa kwaya ya kigango, na hakujua namna nyingine ya kuwa kanisani.

Siku zile bidhaa za nje zilikuwa zimejaa madukani Morogoro. Kwaya ilichanga, ikanunua kinanda cha mtumba pamoja na kisanduku cha ngoma kilichounganishwa nacho kwa waya. Angelina, mwalimu wa kwaya, alimkabidhi Alois vyote viwili.

"Kaka Alois, nakupa hadi Jumapili ya mavuno. Vikikushinda, nitamwita Frank wa mjini, nawe utaimba besi."

"Sauti ya besi sina, mwalimu."

"Ndiyo maana nakuombea."

Alijifunza kwa woga, akiandika kila hatua katika daftari. Mwanzoni kinanda na kisanduku vilianza pamoja na kuachana kabla ya ubeti wa pili, kwa kuwa kila kimoja kilifuata saa yake. Akaandika: *kisanduku kiwekwe saa ya nje, kifuate kinanda.* Mwendo aliupata kwa kuhesabu hatua za akina mama wakicheza. Akaandika: *mapigo 92 kwa dakika.*

Ikabaki swingi, yaani kulichelewesha kidogo kila pigo la pili. Swingi ikiwa asilimia hamsini, ngoma ilikwenda sawasawa kama gwaride la askari wa Ngerengere. Alois alifumba macho, akabonyeza kitufe mara kadhaa, hadi ngoma ikaburuta mguu kama alivyokuwa akiiburuta yeye kwa mkono. Hakutazama namba, wala hakuandika. Hakuna mpiga ngoma mlimani kwao aliyewahi kuandika mahali mkono wake unapochelewa.

Jumapili ya mavuno waliazima jenereta ya Mikidadi, mwenye mashine ya kusaga.

"Ngoma za babu zetu ziliota moto wa nyasi," Mikidadi alimtania akivuta kamba ya kuiwasha. "Yako inakunywa dizeli. Angalia isilewe, bwana."

Katikati ya mahubiri jenereta ilikohoa, ikazima. Mikidadi aliongeza mafuta, umeme ukarudi, lakini kisanduku kilirudi kikiwa kimesahau kila kitu: mapigo 120, saa ya ndani, swingi asilimia hamsini.

Alois alifungua daftari. Saa ya nje: akaiweka. Tisini na mbili: akaiweka katika kinanda. Akafunua ukurasa uliofuata, na ulikuwa mweupe. Hakuweza kujaribu kwa sikio, kwani spika ingelia juu ya sauti ya padri. Aliinua macho. Katika benchi la tatu alikaa Frank, shati limepigwa pasi, vidole vyake kumi vikiwa vimetulia magotini.

"Ameitwa tayari," Alois aliwaza.

Wakati wa kupeleka vipaji altareni ukafika. Mlangoni walijipanga akina mama wenye vikapu kichwani, na mbele yao Bibi Agnes, mama yake Alois, na sinia la mayai. Angelina aliinua mkono. Alois akabonyeza.

Gwaride. Miguu ya akina mama iliinuka, ikakosa mahali pa kutua. Bibi Agnes alisimama, mayai yakagongana. Angelina aligeuka kumtazama Alois, na hakutabasamu.

Alois aliacha kutazama kisanduku. Alikitazama kisigino cha mama yake, kile alichokifuata tangu utotoni katika vijia vya mashamba. Alibonyeza akihesabu. Hamsini na nne: kisigino kilining'inia. Hamsini na nane: kilishuka, kikasita. Akabonyeza tena. Sitini na mbili.

Kisigino kikatua. Kiuno kikaitika. Sinia halikutikisika tena, na mstari mzima ukaingia nyuma yake kwa vigelegele.

Baada ya misa Bibi Agnes alimfuata nje.

"Mwanangu, pale mlangoni ulitaka kunivunjia mayai?"

"Nilikuwa nakutafuta, mama."

"Mimi nilikuwa palepale. Wewe ndiye uliyepotea."

Angelina alipita akiwa na vitabu vya nyimbo. "Mazoezi Jumatano saa kumi, Kaka Alois. Wewe, si mwingine."

Alois aliketi kwenye ngazi, akaandika 62 kwa tarakimu kubwa zilizopinda. Kivuli kikaangukia daftari. Alikuwa Frank.

"Shikamoo, mzee. Ile swingi umeiweka ngapi?"

Alois aliufunika ukurasa kwa kiganja kisichokunjika.

"Marahaba. Muulize mama."