Nasriya na Theluji ya Jabal Akhdar

Nasriya binti Amur alifundisha jiografia miaka minane katika skuli ya wasichana Unguja. Kila mwaka alichora mlima ubaoni, akapaka chaki kileleni, akaeleza theluji. Siku moja msichana wa mbele akauliza, "Mwalimu, wewe ushaiona?" Darasa likacheka, naye akacheka, lakini swali lile lilimkaa.

Mwaka 1964 yeye na mumewe Marhoon wakakimbilia Maskati. Marhoon alipata kazi ya kuendesha lori la tajiri mmoja wa Matrah, akipeleka mchele bara ya Omani na kurudi na tende. Nasriya hakupata kitu. Skuli za wasichana hazikuwapo. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akapanda juu ya paa, akashuka, akapanda tena. Kipimajoto alichokuja nacho kimefungwa ndani ya khanga alikitundika kivulini, akawa anakisoma mara tatu kwa siku na kuandika daftarini.

Aliyemwelewa ni jirani, Bi Kheiria, ajuza aliyezaliwa Jabal Akhdar, jabali refu la huko bara, akaolewa Pemba, akarudi mjane.

"Mimi hiyo theluji nimeiona," alimwambia. "Nilikuwa na miaka sita. Uwanja mzima mweupe kama unga. Nikailamba!"

"Itaanguka tena?"

"Nnamuomba Mungu nisife kabla."

Tangu hapo, kila baridi ikiingia, walikaa pamoja juu ya paa wakitazama mawingu, na kila aliyeshuka kutoka jabalini walimhoji. Misimu minne ikapita, wakaambulia mvua na upepo.

Januari 1969 kipimajoto kikashuka hadi nyuzi kumi na moja. Nasriya hakukalika. Kesho yake Marhoon alikuwa na safari ya Birkat al-Mawz, chini ya jabali.

"Tuchukue, mimi na Bi Kheiria," alimwambia.

"Kwa mvua hii? Wadi hizi kavu zikishuka maji tutakwama njiani."

"Basi tukwame huko. Hapa nimeshakwama miaka mitano."

Marhoon alimtazama, kisha akasema, "Mwambie Bi Kheiria avae nguo nzito."

Walifika siku ya pili, wakashukia kwa Harub, mtoto wa kaka yake Bi Kheiria. Mawingu yalikuwa yamelifunika jabali lote. Asubuhi Harub na mkewe walikuwa wanapanda kuangalia mbuzi wao. Njia ilikuwa ya mawe matupu, na magoti ya Bi Kheiria hayakuiweza hata juu ya punda.

"Nitabaki nawe," alisema Nasriya, lakini macho yake yalikuwa juu.

"Usinidanganye, mwanangu. Nenda."

Marhoon akabaki kushusha mchele, na Nasriya na wenyeji wake wakapanda hadi adhuhuri. Mvua ikawa nyepesi, kisha sauti yake ikapotea. Nasriya akaona vitu vyeupe vinatua juu ya mkono wa nguo yake. Alisimama mdomo wazi, akicheka na kutetemeka.

"Haya tushuke, tutakufa na baridi!" alipiga kelele mke wa Harub.

Nasriya alikwisha kutangulia. Alipanda peke yake hatua nyingine kumi, akainua uso. Haikutimia robo saa, mvua ikarudi na kuifuta yote.

Bi Kheiria alikuwa akimngoja mlangoni. "Niambie."

"Si kama unga, Bi Kheiria. Ni kama sufi inayopeperuka."

Ajuza akajifuta macho. "Kumbe nimesahau," alisema.

Nasriya akajuta. "Labda ile yako ilikuwa nyingi. Mimi nimepata kidogo tu."

Ndani ya lori, njia nzima ya kurudi, Nasriya alijigeuza huku na huku.

"Umeshaiona," alisema Bi Kheiria. "Mbona hutulii?"

"Nimeiona, sasa nimwambie nani? Nilizoea kuwa na watoto arubaini mbele yangu."

Mwaka uliofuata, katikati ya 1970, sultani mpya akashika nchi, skuli zikaanza kufunguliwa, na haukwisha mwaka ila watu waliosoma walianza kutafutwa. Siku ya kuandikisha walimu Marhoon alimwambia afisi hufunguliwa saa mbili. Nasriya alitoka alfajiri, akasimama mlangoni mpaka mtu wa funguo alipokuja. Alipewa wasichana thelathini ndani ya hema. Bi Kheiria aliwahi kwenda kumtazama akifundisha somo la theluji. Aliketi nyuma juu ya mkeka, akasikiliza kidogo, akasinzia, na watoto wakaambiwa wasome polepole wasimwamshe.