Firigisi ya Mgeni

Harufu ya kuku wa kukaanga haifichiki, hata umfunge kwenye karatasi ya foili mara ngapi. Juzi nilikuwa kituo cha Gare du Midi, huku Ulaya, nikisubiri gari moshi. Mwanamke mmoja akakaa kwenye benchi nililokaa, akaweka mfuko mapajani, akafungua. Kitunguu saumu, ndimu, pilipili kidogo, na yale mafuta yanayoganda kwenye ngozi ya kuku aliyelala. Vijana wawili waliokuwa karibu walitazamana wakahama. Mimi nilibaki, uso umenipanda moto kwa aibu, ila si kwa sababu ya yule mama. Aibu yangu ni ya zamani, na kwa kuwa tunaongea wenyewe hapa, acha niwasimulie, ingawa najua sitatoka msafi.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumetoka Lubumbashi, mimi na mama peke yetu, kwani baba alikuwa amefariki kabla hatujasafiri, tukakaa kwenye orofa ya tatu katika kijia kimoja nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mama alisafisha ofisi za watu alfajiri, kabla wenyewe hawajaamka. Jina lake hakuna aliyelitumia. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nami nilikuwa wa kwanza na wa mwisho. Basi yeye alikuwa Maman Solange kanisani, Maman Solange kwa wasusi wa Galerie d'Ixelles, Maman Solange kwa muuza mihogo. Jina lake la ubatizo, Odile, nililijua kwa kuwa liliandikwa pembeni mwa kengele ya mlango wa chini.

Sasa, huyu mama yangu alipenda mpira kama wengine wanavyopenda harusi. Alikulia nyumba chache kutoka uwanjani, na babu alikuwa akimbeba mabegani kwenda kutazama mechi, yeye na ndugu zake wa kiume wakigombania zamu. Tangu tufike Ulaya alikuwa ameuona mpira kwenye televisheni tu, kimadirisha-madirisha, akipita mbele ya baa. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba tutakwenda uwanjani kuona mechi ya ligi kuu kwa macho yetu, sauti yake ilikuwa ya mtu anayetangaza uchumba.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilichukua muda kujaa. Mama alichagua mechi na timu dhaifu, ambayo tiketi zake zilikuwa nafuu. Alichagua viti vya nyuma ya goli, ambako nusu ya uwanja unaiona vizuri na nusu nyingine unaibashiri. Skafu aliinunua kwenye soko la Jumapili la Midi, ya sufu nzito, rangi ya kijani kibichi, akaringa nayo nyumbani mbele ya kioo. Chakula cha uwanjani alisema ni cha watu wasio na jiko. Asubuhi ya Jumapili ile ya mechi alikaanga kuku mzima, akamfunga, akajaza chupa ya chai ya tangawizi, na mfuko wetu ukanuka kuanzia tramu ya kwanza hadi langoni.

Bado naikumbuka ile dakika tuliyotokea juu ya ngazi na majani ya uwanja yakafunguka mbele yetu, mabichi hata hayakuonekana ya kweli. Mama alisimama katikati ya njia, watu wakampita kushoto na kulia. Akashika kifua. Akasema, "Ah, papa," akimwita baba yake aliyekwisha kufa, kisha akaanza kutafuta viti vyetu.

Tulipokaa, mzee mmoja wa nyuma alimgusa mama begani kwa adabu, akamweleza huku akicheka kwamba skafu yake ni ya timu ya Uholanzi. Mtoto wa miaka kumi angetamani ardhi ipasuke. Mama aliitazama skafu, akaikaza zaidi shingoni. "Bon," akasema, "baridi haijue équipe." Baridi haijui timu. Mechi ilipoanza akasahau kwamba kuna watu. Alipanda juu ya kiti na koti lake la kazi, lile lenye mstari unaong'aa mgongoni, akawaelekeza wachezaji kwa Kiswahili cha Lubumbashi kana kwamba kocha amemwachia timu. "Mais pasa! Pasa mupira, weye! Unangojea nani, mukubwa yako?" Watu waligeuka, wengi wakicheka kwa upendo, naona hivyo sasa. Siku ile sikuona upendo wowote. Niliona skafu ya Uholanzi, koti la usafi na mdomo wa mama yangu, basi.

Wakati wa mapumziko nilishuka ngazi kidogo, nikajifanya nanyoosha miguu. Hapo ndipo nilipokutana na Margaux, msichana wa darasani kwetu ambaye kila mtu alitaka kukaa naye, akipanda na baba yake, kila mmoja na kifuko cha chipsi mkononi. Aliniita kwa furaha. Na mara ile ile, kutoka juu, sauti niliyokuwa naiogopa ikashuka: "Solange! Kuya kula, kuku itapola!"

"Oui, maman," nikajibu. Ulimi una mazoea yake.

Margaux akainua macho. Mama alikuwa amesimama juu ya kiti, paja la kuku mkono huu, foili mkono huu. Margaux akaniuliza kama yule ni mama yangu.

"Hapana," nikasema. "Kwetu kila mwanamke mkubwa tunamwita maman."

Sikilizeni ubaya wa jibu lile. Maneno yale ya pili ni ya kweli kabisa. Kwetu muuza mihogo ni maman, mpita njia ni maman, hata mimi, mtoto wake, mama aliniita maman akiwa amefurahi. Desturi nzuri ya watu wangu niliichukua kufunikia uongo wangu, na hakuna Mkongo ambaye angeweza kunibishia.

Nilijipa moyo kwamba mama hakusikia, au kwamba Kifaransa kile kilimpita. Kilimpita wapi! Alishuka kwenye kiti, akatufuata pale ngazini na foili yake. Alinitazama muda wa kumeza mate, si zaidi, kisha akafuta vidole kimoja kimoja, akamnyooshea baba yake Margaux mkono. "Bonjour. Moi, c'est Odile," akajitambulisha. "La voisine." Jirani.

Akawakaribisha kuku, kwa sababu hajui kula mbele ya mtu bila kumkaribisha. Baba yule alichukua bawa, akafumba macho kwa utamu. Margaux naye akala, akalamba vidole. Kisha mama akachakura ndani ya foili, akatoa firigisi, akaiweka mkononi mwangu. Hapa lazima mjue: nyumbani kwetu firigisi ilikuwa ya mgeni. Kukiwa hakuna mgeni, ilikuwa ya mama. Mimi sikuwahi kupewa. Nikaila, na walipokuwa wanaondoka Margaux akaninong'oneza kwamba nina bahati kuwa na jirani kama yule.

Kipindi cha pili mama alikitazama ameketi, mikono mapajani. Timu yetu ilifunga goli mbele yetu kabisa, upande wetu, watu wakakumbatiana na wasiowajua. Mama alipiga makofi taratibu, kama mtu anayemshangilia mtoto wa mwenzake. Mechi aliyoingoja miaka yote ile ilimalizikia hapo, na aliyeimaliza ni mimi.

Njiani hakunigombeza. Kutoka kituo cha Porte de Namur tulitembea na mfuko katikati yetu, nikimwomba Mungu anigombeze. Tulipofika mlangoni kwetu alifungua, akajitenga pembeni, akainamisha kichwa kidogo.

"Karibu, mutoto ya jirani. Ingia, ikala."

Nilidhani ni utani wa mara moja. Lakini kweli aliniketisha, kwenye kiti cha mto, kile cha mchungaji akija. Akatoa sahani za kioo. Nilipoinuka kuosha vyombo, kazi yangu ya kila siku, alinizuia: "Hapana, alors. Mugeni haosheke masahani." Nakiri kwamba mwanzoni nilifurahia. Mtoto gani hataki kula bila kuosha? Furaha ile iliisha Jumatatu asubuhi, nilipokuwa nafunga viatu niende shule. Mama alisimama kando yangu na kunisalimu kama anavyosalimiwa mtoto wa watu.

"Maman yako eko muzima?"

Nikasema, "Eko muzima."

"Umupelekee salamu."

Nilitembea hadi shule na ile salamu, sina wa kumpelekea. Darasani sikusikia neno. Nilikuwa na hofu moja tu, na ilikuwa kubwa kuliko mimi: kwamba mama amekubali. Kwamba nilimkana, yeye akapokea, na sasa jambo limekwisha kama maji yaliyomwagika, hayazoleki. Jioni nilimkuta ametandika kitanda changu kwa shuka za wageni. Nilitaka kusema nisamehe, mdomo ukakataa. Nikasema asante, kama wageni wanavyosema.

Jumanne nilipanda ngazi polepole. Mama alikuwa amesimama mlangoni, ndoo miguuni, ufagio mkononi. Hakucheka, wala hakununa.

"Mugeni siku mbili," akasema.

Methali ile kila mtoto anaijua. "Ya tatu mpe jembe," nikamalizia.

"Jembe haiko. Kamata balai." Akanisukumia ule ufagio.

Nilifagia nyumba yote, kisha nikatoka nikafagia na ngazi, orofa baada ya orofa, ambazo hata hazikuwa zetu, huku machozi yakidondoka kwenye vumbi na kulifanya kuwa tope. Nilipokuwa chini, mwanamke wa orofa ya pili alifungua mlango akaita kuelekea juu: "Maman Solange!" Nikasimamisha ufagio. Nilisikiliza kama ataitika.

"Oui?" akaitika mama. "Niko!"

Nilivyomjua mama siku ile, niliona ameadhibu akasamehe, na hesabu imefungwa. Nilichelewa sana kuelewa. Mimi nami sasa nina binti, nimempa jina la bibi yake, na watu wananiita Maman Odile. Mara ya kwanza nilipoitwa hivyo, hospitalini, mtoto akiwa bado na mikunjo usoni, niligeuka na kuitika bila kufikiri, na hapo hapo nikaona ule mkono uliofutwa mafuta, kidole kimoja kimoja, ukinyooshwa kwa mgeni. Moi, c'est Odile. Nilichomvua mama uwanjani si heshima tu. Kulilinda neno langu lisivunjike mbele ya rafiki yangu, alilazimika kuacha jina alilokuwa nalo tangu nizaliwe, akarudia lile la kwenye kengele. Kwa ajili yangu alikubali, na firigisi yake akanipa.

Sijawahi kumwomba msamaha kwa mdomo. Badala yake humtembelea kila Jumapili, bado yuko orofa ile ile. Mara mbili nimemletea tiketi za uwanjani, za viti vizuri vya katikati. Alinishukuru, akampa mtoto wa jirani.

Jumapili iliyopita, labda kwa sababu ya ile harufu ya Midi, nilifika nikiwa nimejiandaa. Mama alikuwa amekaanga kuku. Sahani za kioo zilikuwa mezani. Alimpa mjukuu wake paja, akachakura, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu kama anavyofanya kila nikija. Nilipomaliza nikaenda moja kwa moja nyuma ya mlango, nikachukua ufagio. Mama aliinuka kwa taabu, magoti yanamsumbua siku hizi, akanitoa ule ufagio mkononi bila nguvu yoyote.

"Acha, maman," akaniambia. "Weye uko mugeni."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania, wala hakuwa na kinyongo. Alisema tu kilichopo. Mimi huja Jumapili na huondoka Jumapili. Siku ya tatu ni Jumanne, na Jumanne niko kazini.